Uma wa Kuanzishia Wimbo

Mdogo wangu ni mzee wa kanisa, na ni mwimbaji. Ukimuuliza kipi kilitangulia, atakwambia Mungu ndiye aliyetangulia, halafu atakuimbia, na wewe ulikuwa unapita tu kwenda dukani.

Tunakaa ua mmoja. Yeye na mke wake, ambaye ni wifi yangu, wako nyumba ya mbele yenye baraza. Mimi niko chumba cha nyuma karibu na tangi la maji, na dirisha langu linatazamana na dirisha la jiko lao. Kwa hiyo redio sina haja nayo. Yanayosemwa jikoni kwa wifi nayapata yote, pamoja na harufu ya kitunguu.

Mdogo wangu alikuwa seremala. Sasa mgongo umemkatalia, karakana kaiacha, lakini mabenchi yote ya kanisani kwetu kayatengeneza yeye kwa mikono yake, na ukikaa vibaya anakutazama. Kila Jumatano anazunguka kuwaona wagonjwa. Anakwenda na kigoda chake cha kukunja, kwa sababu anasema nyumba yenye mgonjwa viti vyote vimekaliwa na wanaosema pole. Anamwombea mgonjwa, anamwombea mwenye nyumba, kisha anamwombea na jirani wa mwenye nyumba ambaye hata hayupo. Chai inapoa mpaka inaweka ngozi juu. Lakini nimewaona wagonjwa wakimngoja yeye kuliko wanavyomngoja daktari, maana daktari haimbi.

Sasa nieleze habari ya kuanzisha, maana usipoielewa hiyo hutaelewa kilichotupata.

Kanisani kwetu wimbo unaanzishwa. Mtu mmoja anasimama, anatoa mistari peke yake, halafu kwaya na watu wote wanamwitikia. Yule mwanzishi akianza juu mno, sisi wanawake tunaishia kulia kama paka aliyebanwa mkia na mlango. Akianza chini mno, wanaume wa besi wanabaki wakinguruma, maneno hayasikiki. Kwa hiyo mwanzishi ni mtu mkubwa. Mdogo wangu ndiye mwanzishi wetu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na tangu alipokuwa nazo.

Na sauti ya kuanzia alikuwa anaitoa kwenye uma.

Ndiyo, uma wa kulia chakula. Usicheke kwanza. Zamani tulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyekuwa na kile kichuma chao cha kutafutia sauti, kina meno mawili, ukikigonga kinalia. Mwalimu akahamia mbali, akaondoka na kichuma chake. Kwaya ikabaki yatima. Mdogo wangu akaingia jikoni, akaanza kugonga kila kitu: vijiko, vifuniko vya sufuria, kisu cha mkate, mpaka akafika kwenye uma mmoja ambao jino la pembeni limepinda kidogo. Akaugonga, akasimama kama mtu aliyeitwa. Akasema, "Ndiyo hii."

Uma huo ulikuwa wa wifi. Alipewa seti nzima siku ya harusi yake, uma zikiwa zimepangwa ndani ya boksi lenye kitambaa chekundu, kila uma na kitanda chake. Tangu siku hiyo kitanda kimoja kiko wazi, na mpaka leo wifi akitoa lile boksi kwa ajili ya wageni, lazima aguse kile kitanda kitupu kwa kidole na kumtazama mumewe.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jumapili anasimama, anaugonga uma kwenye ukingo wa benchi, ting, anaung'ata mpini, anafumba macho. Anasema sauti inapita kwenye meno inaingia kichwani. Kisha anautia mfuko wa juu wa koti, pale wenzake wanapoweka kalamu, anaanza. Mistari yake akiimaliza, sisi tunaingia na kiitikio, na yeye anatoa leso anajifuta jasho, uso, shingo, nyuma ya masikio, kwa utaratibu, mpaka zamu yake irudi. Wageni walikuwa wakiushangaa uma. Sisi tulishauzoea.

Halafu vijana wakapata kinanda.

Mpigaji wake ni binti wa fundi cherehani, mtoto mwenye adabu, anasalimia mpaka wanaomdai salamu ya jana. Hakuwa na shida na mtu. Shida ilikuwa kwamba kinanda hakipandi wala hakishuki. Ukibonyeza leo na ukibonyeza kesho ni ileile. Watu wakaanza kulinganisha. Na walipolinganisha, wakaanza kunong'ona kwamba mwanzishi wetu, kwa miezi kadhaa sasa, anatuanzia juu.

Mchungaji akaja mwenyewe kulisema. Alikaa barazani, wifi akamletea chai, mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele.

"Mzee wangu," Mchungaji akasema, "baraza la wazee limekaa."

"Najua limekaa. Nami nilikuwa nimekaa humo humo."

"Kuna wakati ulitoka kidogo. Ulikwenda msalani."

Mdogo wangu akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mlingoja niende msalani."

"Hatukungoja, mzee wangu. Ilitokea. Na hatujaamua kitu. Tumeona tu kwamba wimbo wa kufungulia ibada siku hizi unakuwa juu sana, wenye vifua vyao wanalalamika. Sasa kile kinanda kingeweza kutusaidia..."

"Kinanda hakijabatizwa."

"Wala uma haujabatizwa, mzee wangu."

Wifi akainamia birika ghafla, kama aliyeona mdudu. Mimi nikaendelea na mchele, na punje nzuri nikazitupa na mawe nikayabakiza.

Mchungaji si mtu mbaya. Akaeleza taratibu. Askofu anakuja kuweka wakfu jengo letu lililoongezwa, lenye dari mpya nyeupe. Siku hiyo mdogo wangu ndiye atakayefungua ibada, kwa wimbo wake mwenyewe aliotunga. Baada ya hapo baraza litakaa, naye akiwemo, kuamua nani awe anafungua kila Jumapili. "Ukitoka vizuri," akasema, "hakuna wa kukugusa. Wimbo ukienda darini, tunawapa vijana na kinanda chao. Nimekuambia mimi ili usiambiwe barabarani."

Alipoondoka, mdogo wangu aliitazama chai yake mpaka ikaweka ngozi kama ile ya kwa wagonjwa. Kisha akaniambia, "Dada, karakana imekwenda. Wakinichukulia na kuanzisha, nitakuwa nakaa pale mbele nafanya nini? Naangalia viatu vya watu?"

Nikamwambia anywe chai.

Jioni ile nilimfuata wifi jikoni. Alikuwa anasugua sufuria kwa jivu.

"Wifi," nikamwambia, "hivi ni uma au ni yeye?"

"Uma ni chuma, wifi yangu. Chuma hakina sikio la kuzeeka."

"Kwa hiyo unajua."

"Nalala naye. Redio inapiga kelele mpaka sahani zinacheza, yeye anasema ongeza." Akaigeuza sufuria. "Mnadhani Jumapili huwa tunafikaje mwisho wa wimbo? Kiitikio kikifika, mimi naingia chini kidogo. Kina mama wa sauti ya pili wananifuata, na wengine wanatufuata sisi. Tunamteremsha polepole, kama unavyomteremsha mtu dumu kichwani. Akirudi kwenye mistari yake tayari yuko chini, na hajui nani kamshusha."

"Na hasikii mnavyomshusha?"

"Saa hiyo anajifuta jasho."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Basi mteremshe na mbele ya Askofu."

"Ule wimbo wake una mistari mirefu ya peke yake kabla kiitikio hakijafika. Mpaka nipate pa kumshikia, atakuwa ameshapasuka."

"Mwambie mapema basi."

"Mimi? Wewe ndiye dada yake."

"Wewe ndiye mkewe."

Tukatazamana. Sufuria ikasuguliwa tena, na ilikuwa imeshatakata. Hakuna aliyemwambia.

Wimbo wenyewe naujua tangu ulipozaliwa. Zamani Mchungaji mwingine, aliyemtangulia huyu, alimtembelea karakana bila taarifa, akakuta maranda yamejaa sakafuni mpaka kwenye vifundo vya miguu na hakuna pa kumkalisha mgeni. Mdogo wangu aliona haya siku nzima. Siku ya pili akatunga:

*Umebisha mlango wangu, Bwana, sijafagia,*
*maranda yamejaa chini, sina pa kukukalisha,*
*nipe nafasi nitafute ufagio nilikouacha,*
*nawe umesimama hapo nje, viatu mkononi.*

Na sisi tunaitikia:

*Ingia hivyo hivyo, Bwana, ingia,*
*vumbi langu unalijua, ingia.*

Ukiusikia usiku mmoja hutausahau. Nimeona watu wazima wakiulilia, watu ambao nyumba zao zimefagiliwa vizuri kabisa.

Jumamosi, siku moja kabla ya Askofu, kwaya yote ilikuja uani kwetu kwa mazoezi ya mwisho, na wifi akapika viazi na nyama. Watu walikuwa wengi, boksi la harusi halikutosha, tukaazima sahani na uma kwa majirani. Kwenye mazoezi mdogo wangu hakuimba. Alisema sauti ya kesho haitumiki leo. Alikaa tu akitusahihisha, na walipoletewa chakula akautoa uma wake mfukoni ili ainame vizuri kunawa mikono, akauweka mezani kando ya sahani.

Watu wakala, wakashukuru, wasichana wakakusanya vyombo, vikaoshwa, kila mwenye vyombo vyake akajitwika beseni lake akaenda. Ua ukabaki na nzi na sisi watatu.

"Mama watoto," mdogo wangu akaita, "uma wangu uko wapi?"

"Mfukoni kwako."

"Mfukoni mna leso."

"Mfuko wa juu."

"Ndiyo mfuko wa juu huo ninaokuambia."

Wifi akalitoa boksi lake, akalifungua. Kila kitanda kilikuwa na uma wake, hata kile kilichozoea kulala wazi. Lakini aliyelala hapo alikuwa mgeni, mnene, mpini wake una maua. Wasichana walikuwa wameona nafasi wakaijaza.

Mdogo wangu alikaa chini. Nilidhani atasema kitu cha mzee wa kanisa. Akasema, "Dada, vaa viatu."

Tukazunguka mtaa mzima. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kinyozi. Tulimkuta mezani na familia yake, anakula. Mdogo wangu akabisha hodi, akasalimia vizuri, akaulizia afya ya mama mkwe, kisha akanyoosha mkono akautoa uma mkononi kwa kinyozi.

"Samahani, ndugu yangu. Nausikiliza tu."

Akaugonga kwenye kona ya meza, akaung'ata mpini, akafumba macho. Watoto wa kinyozi wakaacha kutafuna.

"Mzee," kinyozi akasema, "nilikuwa nautumia."

"Endelea tu. Si wenyewe."

Kwa nesi tulikaa zaidi, maana nesi alikataa kata kata chombo kiingie mdomoni bila kupita kwenye maji ya moto. Akachemsha maji, akazitumbukiza uma zake zote, akampa mojamoja kwa koleo. Mdogo wangu akaungua ulimi. Hakuna iliyokuwa yenyewe. Nyumba nyingine walidhani ni mkaguzi wa afya, wakaficha vyombo. Nyingine mama mmoja alisema uma zake hazipigwi hovyo, za kwake ni za wageni.

"Lakini uma wako una jino lililopinda," nikamwuliza njiani. "Si ungetazama tu? Mbona unagonga zote?"

"Naweza kupata mwingine wenye sauti ileile."

"Na ukiukosa?"

Alikuwa anatembea mbele, kofia mkononi, na shingo yake kwa nyuma ilinikumbusha alipokuwa mtoto na mama ametutuma tukatafute mbuzi. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba hata akiupata, shida haiko kwenye uma. Nilijaribu kufungua mdomo. Nikaishia kumwambia asikanyage maji machafu.

Tulirudi mikono mitupu. Lakini maneno yalikuwa yameshatutangulia. Watu wetu wanampenda yule mtu. Hakuna nyumba ambayo hajaiombea mgonjwa wake. Waliposikia uma umepotea, wakapigiana simu, huyu akamwambia yule, na kila mmoja kwa nafasi yake akaamua jambo lilelile: labda uma wa mzee uko kwangu, kesho nitazibeba zote nimpelekee.

Jumapili asubuhi, mlangoni pa kanisa, palikuwa na mlio kama wa mkahawa. Kina mama wanafungua mikoba, uma. Wazee wanatoa mifukoni, uma. Kinyozi alikuja na zake zimefungwa kwa kitambaa, amezing'arisha. Mhudumu wa mlango aliona zitachoma watu, akatafuta beseni, akaliweka karibu na kapu la sadaka, na beseni likajaa.

Askofu alipoingia na joho lake alisimama pale akalitazama beseni, kisha kapu, kisha beseni. Akamwinamia Mchungaji. Mchungaji mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba Askofu alimwuliza kama huku kwetu sadaka hutolewa kwa vyombo.

Mdogo wangu alikuwa kando ameinamia lile beseni katika suti yake ya kijivu. Ting, anang'ata, anatikisa kichwa. Ting, anang'ata. Nesi alisimama naye akipangusa kila uma kwa kitambaa chenye dawa. Watu wameshakaa, wanamtazama, hakuna anayecheka, kila mmoja anaomba uwe wa kwake.

Na akaupata. Jino la pembeni limepinda. Alipougonga uso wake ukafunguka wote, akautazama kama mtu anayempokea mwanawe aliyetoka safari. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamtazama wifi kwenye benchi la sauti ya pili, naye akanitazama mimi. Sisi wawili hatukupiga.

Mchungaji akampa ishara. Mdogo wangu akapanda mbele. Binti wa kinanda alikuwa amekaa kwenye chombo chake pembeni, mikono magotini. Ting kwenye ukingo wa benchi. Mpini menoni. Macho yakafumbwa.

"Umebisha mlango wangu, Bwana, sijafagia..."

Neno la kwanza tu nikajua. Lilikuwa juu, juu kuliko siku zote, nadhani kwa furaha ya kuupata uma. Mstari wa pili ulipanda juu ya ule wa kwanza, kama ulivyotungwa. Mishipa ya shingo ikamtoka. Alipofika kwenye ufagio, sauti ikakatika kama uzi wa cherehani.

Askofu alitazama dari, sijui kama alikuwa anaikagua au anautafuta wimbo.

Mdogo wangu, katika maisha yake yote ya kuanzisha, hakuwahi kurudia. Akianza juu, mlikwenda naye huko huko juu, atakayekufa afe. Lakini siku ile alishusha mabega akasema, bila kipaza sauti, "Jamani, nimepanda mno. Nashuka."

Akautoa uma, akautazama kama shahidi aliyegeuza maneno mahakamani, akaurudisha mfukoni bila kuugonga. Akaanza upya.

Akaanza chini. Chini kabisa, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Wanaume wa besi wakageukiana. Mstari wa pili ulikuwa kunguruma tu, tukajua ni wa maranda kwa sababu tunaujua. Nyuma kuna aliyeguna, mwingine akacheka akajifanya anakohoa, na kikohozi kile kikaambukiza kanisa. Hata mabega ya Askofu yalitikisika. Mdogo wangu akanyamaza.

Nilimtazama binti wa kinanda. Kidole kimoja tu kingetosha. Hakukiinua. Alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu, na siku hiyo nilimpenda yule mtoto.

Mdogo wangu akageuza macho akatazama kiti chake. Nikajua akikaa sasa, amekaa moja kwa moja.

Hapo ndipo wifi alipoanza.

Hakusimama. Alikuwa palepale kwenye benchi la sauti ya pili, mkoba mapajani, akatoa mstari: "Umebisha mlango wangu, Bwana, sijafagia..." Aliuweka mahali pake kabisa, si juu si chini, mahali ambapo kila mtu angeweza kufika bila kunyoosha shingo. Watu wote wakageuka. Hakuna aliyewahi kukataza mwanamke kuanzisha kwetu. Ila hakuna mwanamke aliyewahi kuanzisha.

Nilimtazama mdogo wangu. Wimbo ni wake, mistari ni yake, na anayeiimba ni mtu aliyemwitikia tangu ujana wao. Alifungua mdomo. Nikasema moyoni, Bwana, mzuie asigombane na mkewe mbele ya Askofu.

Akaufunga. Akasikiliza. Wifi akamaliza maranda, akamaliza ufagio, akafika kwenye viatu mkononi, na kiitikio kilipofika mdogo wangu aliingia pamoja na sisi, kwa nguvu zake zote:

"Ingia hivyo hivyo, Bwana, ingia..."

Sasa, baada ya ile *ingia* ya kwanza kuna kituo. Watu wananyamaza kidogo, wanavuta pumzi, halafu wanaingia na vumbi. Kanisa zima tukanyamaza. Yeye hakunyamaza.

"Vumbi la..." akaimba peke yake, katikati ya kimya, mbele ya Askofu. Akasimama na mdomo wazi.

Ndipo nilipoelewa, na nadhani wifi naye alielewa wakati uleule, maana sauti yake ilitetemeka kwa kicheko. Mtunzi hakujua kiitikio cha wimbo wake. Miaka yote hiyo, sisi tukiitikia, yeye alikuwa anajifuta nyuma ya masikio.

Kiitikio cha pili akatumbukia tena palepale. Cha tatu Askofu alikuwa anamngoja. Tulipofika kwenye kituo, Askofu akainua kidole kimoja kumwelekea, taratibu, kama unavyomsimamisha mtu asivuke barabara. Mdogo wangu akakiona kidole, akajikaza, mashavu yakamvimba kwa kuzuia. Kidole kikashuka. Tukaingia na vumbi letu wote pamoja, na sijawahi kusikia kanisa likiimba na kucheka kwa mdomo mmoja namna ile. Yeye alikuwa anaimba, anacheka, na machozi yanamshuka, na leso hakuikumbuka.

Wiki ile baraza likakaa. Safari hii hakutoka msalani hata alipobanwa. Mchungaji anasema alikuwa amepishanisha miguu kama mkasi. Ikaja hoja ya nani awe anaanzisha wimbo wa kufungulia ibada, kwaya au kinanda. Wazee wakatazama meza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Mdogo wangu akasema, "Kwaya. Aanzishe mama watoto."

"Na wewe, mzee wangu?" Mchungaji akauliza.

"Mimi nitaitikia. Ila mnipe muda, kile kiitikio ni kigumu."

Likapita hivyo. Kinanda kikapewa wimbo wa kufungia, na binti alikuja nyumbani kumshukuru mdogo wangu, akanyweshwa chai na kuombewa mitihani mpaka chai ikaweka ngozi.

Nilimwuliza siku moja tukiwa wawili, "Ilikuuma?"

"Iliniuma, dada. Bado inauma, hasa Jumapili anapovuta pumzi kabla ya kuanza, nami navuta." Akagusa mfuko wake wa juu. "Lakini ule wimbo nilikuwa sijawahi kuusikia. Ni mzuri, si ndiyo?"

"Si mbaya," nikamwambia. Dada hatakiwi kumvimbisha mtu kichwa.

Siku hizi jioni wifi anamenya viazi jikoni na mdogo wangu anakaa kwenye kigoda chake cha kukunja, mgongo ukutani, anafundishwa. Dirisha langu liko wazi.

"Hapo tunanyamaza," wifi anasema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka tuingie."

"Nani aliweka shimo hapa?"

"Wewe. Ulisema watu wapumue."

"Nilikosea. Watu hawahitaji kupumua kiasi hicho."

"Rudia."

Anarudia, anatumbukia. Anarudia, anatumbukia. Jana wifi alitoa mstari vizuri sana, nami nikajikuta naitikia kutoka kwangu, kisu kwenye kitunguu, na kwenye kituo nikanyamaza kama inavyotakiwa.

"Dada," sauti ikatoka jikoni kwao, "usinichanganye. Nilikuwa karibu kupatia."